Ukichora Meli ya Anga, Anzia Ngamani

Vijana wa hapa Kigoma wanaojifunza kuchora modeli za 3D kwenye kompyuta karibu wote wana kazi moja ya kujionyesha: meli ya anga. Nimeziona nyingi kwenye simu zao na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa nje zinavutia kweli. Kisha unamwomba mwenyewe akuingize ndani. Unakutana na korido nyeupe inayong'aa, taa za buluu ukutani, milango inayojifungua yenyewe, na mbele kabisa chumba cha nahodha kilichomeza robo ya meli nzima. Choo hakuna. Jiko hakuna. Ukiuliza mzigo unaingilia wapi, anacheka.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Najua walikuwa na maana yao, lakini mimi methali hii naitumia kama ilivyo, sharti la kazi. Meli ya kubuni ianze kuchorwa ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli: mzigo, maji, chakula, hewa, uchafu. Ukishajua hivyo vinapita wapi, vyumba vinajipanga. Ukianza na kiti cha nahodha utaishia na picha ya ukutani tu, haitakuwa meli ya kukaa watu.

Na sisi watu wa Kigoma hatuna kisingizio, maana mwalimu tunaye bandarini. MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kufungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa reli na kuunganishwa upya. Ilishushwa ziwani Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani ili isitekwe, injini wakiwa wamezipaka grisi nzito zisile kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Watu huisimulia kama habari ya vita. Mchoraji aisome kama habari ya vipimo: chombo kilichosafiri vipande vipande hubaki na alama za vipande vyake. Mistari ya ribiti kwenye mabamba haikuwekwa pale kupendeza.

Huko juu mambo ni hayo hayo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilianza kuunganishwa mwaka 1998, na moduli nyingi za upande wa Marekani zina kipenyo cha mita 4 na ushee, kwa sababu sehemu ya mizigo ya chombo kilichozipandisha ilikuwa na kipenyo cha mita 4.6. Kwa hiyo kabla hujachora korido ya kwanza jiulize meli yako iliundwa wapi na ilibebwa na nini. Ukipata jibu, umeshapata upana wa vyumba, mahali pa viungio na umbali kati ya mlango na mlango. Hutahitaji tena kubandika mistari ovyo ukutani ili paonekane pa kisasa.

Swali la pili ndilo linaloangusha modeli nyingi: chini ni wapi? Wachoraji wengi hulaza sitaha zao kama za meli ya majini, injini nyuma, watu wakitembea kuelekea mbele. Lakini injini inayosukuma kutoka nyuma itawabandika abiria wote kwenye ukuta wa nyuma. Kama uzito unatokana na msukumo, sitaha zipandane, injini chini kabisa na usukani juu, mpangilio wa ghorofa. Kama unatokana na kuzunguka, hesabu haina huruma: ukitaka uzito kama wa duniani kwa mizunguko 2 tu kwa dakika, unahitaji nusu kipenyo cha mita 224 hivi. Pete ndogo ya mita 10 inayozunguka taratibu ni pambo. Na kama uzito haupo kabisa, usidhani umesamehewa. Skylab, kituo cha anga cha Wamarekani, iliporushwa mwaka 1973, sehemu yake moja ilikuwa imepangwa vifaa pande zote bila juu wala chini, na wanaanga hawakuipenda. Walipendelea vyumba vyenye sakafu na dari. Warusi walilielewa hilo mapema. Msanifu wao Galina Balashova, aliyebuni ndani ya chombo cha Soyuz na kituo cha Mir, aliifanya sakafu iwe ya rangi iliyokolea na dari iwe nyeupe au karibu na hapo, ili mtu anayeelea ajue amesimama vipi. Rangi tu hiyo, na imefanya kazi ya uzito.

Meli ninayochora mimi inaitwa Mgebuka. Inabeba abiria na mizigo kati ya miezi ya sayari ya Zohali, na safari zake nimezikopa moja kwa moja kwenye ziwa letu. Kusini ya Kigoma Liemba haikuwa na gati kwenye vijiji vingi. Ilisimama majini, boti za mbao zikaja kuizunguka, na watu, magunia, dagaa na mananasi vikapandia mlango wa ubavuni. Angani utaratibu huu una mantiki kuliko kutua. Meli kubwa ibaki kwenye obiti, vyombo vidogo viifuate, maana kuteremka na kupanda tena ndiko kunakokula mafuta. Kwa hiyo moyo wa Mgebuka ni mlango wa ubavuni, na meli nzima nimeizungusha hapo. Ndani yake kuna ukumbi mpana wa kupokelea, kizuizi cha karani, njia mbili zinazoachana mapema, ya mzigo kushuka ngamani na ya abiria kupanda. Jiko liko kati ya ngama na vyumba, ili gunia la unga lisipite mbele ya milango ya watu waliolala. Matangi ya maji yanazunguka sitaha ya kulala, kwa kuwa maji ni kinga nzuri ya mionzi ya jua. Ikitokea dhoruba ya mionzi hiyo, wote wanakimbilia huko huko wanakolala. Kila kona nimeipima kwa machela. Isipopita machela, kona hiyo nimeibomoa.

Vitanda sikuhangaika navyo. Kwenye kituo halisi mtu hulala ndani ya kijichumba kidogo cha kusimama, na kinachomweka hai usiku ni feni, kwa sababu bila hewa kusukumwa pumzi yake mwenyewe humzunguka kichwani. Weka tundu la feni juu ya kila kitanda, endelea na mengine.

Sasa tekscha, yaani picha zinazovishwa juu ya umbo. Hapa ndipo nina ugomvi na watu.

Mtindo uliopo ni huu: mchoraji anamaliza umbo, anafumua ngozi yake na kuilaza bapa kama fundi cherehani anavyofumua gauni, halafu anaipaka kutu na mikwaruzo kwa kubonyeza kitufe. Kutu inaenea kila mahali sawasawa, darini, sakafuni, nyuma ya bomba ambako hakuna mkono wa binadamu uliowahi kufika. Wanaita uhalisia. Mimi naona uchafu usio na mwenyewe. Uchakavu una sababu na una anwani.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, ni sehemu gani ya meli huchakaa kwanza. Hakufikiria hata kidogo. "Kizingiti cha mlango wa mzigo, mwanangu. Halafu ngazi ya kwanza. Halafu pale ukutani watu wanapoegemea wakisubiri chakula." Hiyo ndiyo ramani yangu ya tekscha, na ni bora kuliko kitufe chochote cha Blender, programu yetu ya kuchorea. Kwenye Mgebuka nimeongeza jambo moja ambalo meli ya ziwani haina. Meli ikisimama kupokea vyombo, msukumo unakatika na kila mtu anaelea. Basi kuzunguka mlango wa ubavuni alama za mikono ziko hadi darini, rangi ya vishikio imelika hadi chuma, na kamba za mizigo zimechora mifereji kwenye pembe za juu. Ukipanda sitaha mbili kwenda kwa abiria, uchakavu unarudi sakafuni, kwa sababu huko watu hutembea meli ikiwa safarini. Mtazamaji hatajua kwa nini, ila atahisi kwamba hapa watu walipita.

Kwa wanaoanza, mambo mawili ya kiufundi. Rangi iliyopakwa juu ya chuma si chuma. Kwenye ramani ya metali, picha ya nyeusi na nyeupe inayoiambia kompyuta wapi ni chuma, sehemu yenye rangi iwe nyeusi, na nyeupe ibaki pale tu rangi ilipobanduka na chuma kitupu kuonekana. Kutu nayo ihesabu pamoja na rangi, kwa kuwa haiakisi mwanga kama chuma. Nusu ya korido zinazoonekana za plastiki zina kosa hilo. Na hadithi ya ukuta iko kwenye ramani ya mng'ao, picha inayosema wapi panang'aa na wapi pamefifia, zaidi ya kwenye rangi yenyewe. Mafuta ya mikono hulainisha, vumbi hufifiza. Ukuta wa rangi moja tupu, ukiwa na ramani nzuri ya mng'ao, unaonekana umeishi. Ukuta wenye rangi kumi na mng'ao mmoja unabaki kuwa karatasi.

Picha za kuanzia msiombe mtandaoni. Nendeni Kibirizi, mwalo wa boti hapa Kigoma, mkazipige picha boti zilizopakwa rangi juu ya rangi, lami kwenye viungio vya mbao, mabati ya vibanda. Mpige siku ya mawingu, kwa sababu jua kali linaacha vivuli ndani ya picha na vivuli hivyo havitoki tena. Na muombe ruhusa, hasa karibu na bandari na stesheni.

Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, kwa hiyo tufanye na hesabu ya kumbukumbu. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, ikiwa haijabanwa, inakula megabaiti 64. Ukiipa kila chumba picha zake nne, laptopu inalala kabla hujafika jikoni. Mimi natumia picha chache zinazojirudia bila kuonyesha mshono kwa kuta na sakafu, na picha moja ndefu yenye mistari ya kingo, boliti, nyaya na vibao, ambayo naikata na kuivisha meli nzima. Pia nimejiwekea pikseli 512 kwa kila mita, kila mahali, hata kwenye kijiko. Mlango mkali pembeni ya ukuta uliofifia hushtua jicho kuliko ukuta wote kufifia.

Vibao navyo vina jambo. Kwa nini kijana wa Gungu, hapa hapa Kigoma, anaandika Kijapani kwenye milango ya meli yake? Anaiga alichokiona, najua. Lakini meli inayopandwa na wetu iwe na MAJI YA KUNYWA, USIKAE KWENYE NGAZI, ABIRIA MWISHO HAPA, na chini yake mtu mwingine ameongeza kwa kalamu ya wino mzito bei ya chai. Maandishi ni tekscha rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosema meli ni ya nani.

Kimebaki chumba cha usukani. Nimekipa mita 3 kwa 4, viti viwili na dirisha moja ambalo mhandisi atakwambia halina kazi. Skylab nayo dirisha lake la chumba cha kulia lilipingwa, mbunifu Raymond Loewy akaling'ang'ania, na wanaanga walipofika huko kuchungulia nje ndiko kulikokuwa burudani yao kubwa. Kwa hiyo dirisha linabaki. Anayetaka chumba kikubwa zaidi ya hapo anioneshe kwanza kwenye ramani atawahamishia wapi wapishi.