Msimfupishie Safina mtoto wa Leicester

Mpwa wangu alitua Mombasa mwezi wa Juni na daftari mkononi. Ratiba ilikuwa imeshapangwa humo: wiki mbili za kwanza Safina, kijitabu cha fiqhi cha wanaoanza, mbili za pili Ajurumiya, kile cha nahau ya Kiarabu, mbili za mwisho kitabu cha akida alichokisikia kikitajwa kwenye video. Ana miaka 26, ni mhandisi wa programu za kompyuta, kazaliwa Leicester, Uingereza, na Kiswahili chake ni kile cha kuokoteza jikoni kwa mamake. Likizo yake yote ya mwaka kaimaliza ili aje kusoma "kwa masheikh, kama zamani".

Nilimpeleka baada ya alasiri kwa ustadhi aliyenisomesha mimi mwenyewe. Akaonyeshwa pa kukaa: mkekani, katikati ya mtoto wa miaka 9 na mwenzake wa miaka 11.

Siku ya tatu wakafika kwenye alama za kubaleghe. Aliyesoma Safina anazijua, ni tatu: kutimiza miaka 15, kuota, na hedhi kwa mtoto wa kike. Ustadhi anasoma Kiarabu, anafasiri neno kwa neno, watoto wanaitikia kwa ile sauti ya kuimba, na mhandisi na ndevu zake naye anaitikia. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniuliza kwa upole, "Mjomba, hapa hapana darasa la watu wazima?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinikaa. Siku hizi huulizwa kila mahali ambapo Mwislamu wa Ulaya au Marekani anapiga hodi kutafuta elimu ya asili. Hoja zao nazijua. Mtu huyu kasoma chuo kikuu, hana muda, na kule kwao anaulizwa kama Mungu yupo, haulizwi nguzo za udhu ni ngapi. Basi mpeni kiini, hayo ya watoto myaache.

Mimi nasema asifupishiwe. Kiini anachokitaka kimo ndani ya hayo hayo anayotaka kuyaruka.

Safina yenyewe ni kijitabu cha kutia mfukoni. Aliyekitunga, Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami, mtu wa Hadhramaut kule Yemen, akafia Batavia, Jakarta ya leo, mwaka 1855. Kijitabu hicho kinasomwa Hadhramaut, Java na huku kwetu pwani, na kote huko mtu anaanzia mahali pamoja: nguzo za Uislamu ni tano. Ukikutana na mtu wa Surabaya mna pa kuanzia mazungumzo. Mpwa wangu alikuja akidhani anatafuta maarifa, na maarifa anayo tele kwenye simu yake. Asichokuwa nacho ni kukaa mbele ya mtu, akakosea irabu watoto wakasikia, akarudia.

Watu wanapenda kumtaja Sheikh Hamza Yusuf, yule mwanachuoni Mmarekani aliyezaliwa Mark Hanson na kusilimu mwaka 1977. Wanamtaja kwa ufasaha wake na kwa chuo cha Zaytuna kule Berkeley, ambacho mwaka 2015 kilikuwa chuo cha kwanza cha Kiislamu kupata ithibati Marekani. Wanachokiruka ni jangwa. Kijana yule wa California alikwenda Mauritania kwa Murabit al-Hajj, mzee aliyefariki mwaka 2018, kwenye zile mahadhara, vyuo vya jangwani, ambako mwanafunzi huandika somo lake juu ya ubao, akalihifadhi, akaufuta ubao, akaandika jingine. Jumla miaka yake ya kusoma nje inakaribia kumi. Huo ufasaha tunaousifu uliota huko.

Sisi wa pwani tusijifanye tumesahau. Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa Lamu aliyefariki Zanzibar mwaka 1925, alikwenda Hadhramaut akiwa mtu mzima, akakaa mbele ya masheikh wa kule. Hakudai darasa la watu wazima.

Na Hadhramaut ndiko wengi wa Magharibi wanakoelekea hadi leo. Zamani walijaa Damascus, mpaka mambo yalipoharibika Syria mwaka 2011, wakatawanyika Amman, Cairo na Istanbul. Tarim, mji wa huko Hadhramaut, iliendelea kuvuta watu hata baada ya vita vya Yemen kuwaka. Pale kwenye chuo cha Darul Mustafa, alichokianzisha Habib Umar bin Hafidh mwaka 1993, Mwingereza na Mkanada wanakaa pamoja na Wajava na watoto wa Lamu na Ngazija. Kila mwaka kuna dawra, yaani masomo ya muda mfupi, ya siku 40 kwa wageni wasioweza kukaa zaidi. Sina tatizo na dawra. Ni kuonja, na aliyeonja huenda akarudi kula.

Tatizo langu ni na aliyeonja akafungua hoteli. Namjua mmoja, simtaji. Alikwenda mahali siku 40, akarudi kwao Ulaya na kilemba cha Kihadhrami na shali begani, mwezi uliofuata anafundisha fiqhi kwenye intaneti kwa ada ya kila mwezi. Mtu akimuuliza sajda ya sahau, ile ya aliyesahau kitu ndani ya swala, anajibu kwa hekima za kusafisha moyo. Moyo ni muhimu, sikatai, lakini yule maskini aliyeuliza alitaka kujua swala yake imesihi au haikusihi.

Hapa lazima nituguse na sisi, maana tunawalea. Mzungu aliyesilimu juzi akija msikitini kwetu, safu ya mbele inafunguka yenyewe. Anapewa kiti, anapewa kipaza sauti aeleze alivyoongoka, anapigwa picha. Kijana wetu aliyekwisha kuhifadhi matini nne, vile vitabu vya msingi, yuko nje anauza viazi karai ili apate nauli. Mgeni tunamharibu kwa kumpa kiti kabla hajaumwa magoti, kisha tunalalamika kwamba watu wa Magharibi wana haraka ya usheikh.

Kuna jambo moja ambalo mpwa wangu alikuwa na haki nalo, na mabishano yake na ustadhi yalinitia aibu kidogo. Aliuliza: tayamamu ni vumbi, udhu ni kusafisha, vumbi linasafisha nini? Ustadhi akasema, "Soma, baba. Usiulize kwa nini." Watoto wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sherehe za vitabu hivi, yaani vitabu vinavyovifafanua, zimejaa ibara ya *fa in qulta, qultu*: ukisema hivi, mimi nasema hivi. Mtunzi anajitungia mbishi wake mwenyewe na kumpa hoja nzuri kabla ya kumjibu. Ile "kwa nini" ya mtoto wa Leicester ina kwao humo. Sisi ndio tuliomtoa mbishi darasani tukabakisha kuitikia.

Kule Uingereza kwenyewe nako kuna vyuo. Vya kina Deobandi, wafuasi wa masheikh wa Deoband kule India, viko tangu miaka ya 1970, vinafuata Dars-e-Nizami, mtaala wa zamani wa madrasa za Bara Hindi, na mtoto aliyezaliwa Bradford anakaa miaka sita au zaidi. Wengi wao wamefundishwa Kiarabu kwa kupitia Kiurdu, yaani lugha ya babu inamfasiria lugha ya Mtume mtoto anayeota kwa Kiingereza. Inachosha, lakini waliomaliza wanajua kusoma kitabu. Halafu mwaka 2009 Sheikh Abdal Hakim Murad, mwanachuoni Mwingereza, akaanzisha Cambridge Muslim College, na stashahada yake ya mwaka mmoja ikawalenga haswa wahitimu wa vyuo hivyo: waje sasa waisome sayansi, falsafa, siasa na historia ya nchi wanayoishi. Huo mpango naupenda kwa mfuatano wake. Mkeka umetangulia, maswali ya kidunia yamekuja yakakuta mtu kakaa.

Mpwa wangu hakukimbia. Wiki ya nne nilimkuta anamsahihisha yule mtoto wa miaka 9 herufi ya hamza, kisha mtoto akamsahihisha yeye ya ʿayn, wakawa sawa. Ile tayamamu ustadhi aliirudia bila ya kuombwa, siku mbili baadaye. Akafungua sherehe, akamsomea mjadala wote, nusu saa nzima, watoto wakasinzia.

Siku ya kuaga alikuja na daftari lake. Ajurumiya hakuigusa. Kitabu cha akida hakukiona. Akamuuliza ustadhi, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kama anaweza kumwandikia karatasi ya kwamba alisoma hapa.

"Tumefika wapi?" ustadhi akauliza.

"Kwenye tayamamu."

Ustadhi akavuta kipande cha uzi kutoka ukingoni mwa mkeka, akakilaza kwenye ukurasa ule na kufunga kitabu. "Nitakuwekea hapa," akasema.