Siku niliyogeuka jiwe la Gangilonga

Wakuu habari zenu. Hiki kisa ni cha mwezi wa sita, nilikuwa nimekaa nacho kimya maana mbavu zilikuwa bado zinauma, ila juzi msibani shemeji yangu kakisimulia mbele ya watu na kakipotosha, kasema eti nililia. Sikulia. Kwa hiyo naandika mwenyewe ukweli ujulikane.

Sisi tunakaa Mafinga. Anayeijua Mafinga mwezi wa sita ananielewa, asubuhi ukifungua mlango ukungu umesimama pale kama mtu anayekudai, watoto wamefunga shule, wamejazana ndani wanagombania jiko la mkaa na rimoti. Waifu alikuwa na vikao vya sendoff ya mdogo wake, akaniambia baba watoto, wachukue hawa wikendi hii wapeleke hata Iringa mjini wakaone watu, mimi nipumue. Akafungua pochi akanipa elfu thelathini mkononi, akanishika na kiganja kabisa. "Hii ya kikapu. Kile kikubwa cha milulu chenye mfuniko. Usiiguse."

Nikamwambia mama watoto, tena unaniambia mimi?

Watoto wenyewe watatu. Binti yangu mkubwa ana miaka 11, tunamwita Dada Mkuu kwa sababu hata mimi ananipanga mstari. Wa katikati ni mtoto wa dada yangu, ana 8, huyo kazi yake ni kula na kutapika, kwa mpangilio huo huo. Wa mwisho Kibonge, miaka mitano, anaamini kila unachomwambia na hasahau hata kimoja, na mtoto wa hivyo ndani ya nyumba ni hatari kuliko waya uliochubuka.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi na ka-IST ka kuazima kwa huyo huyo shemeji. Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata hatujafika Ifunda. Ili wa katikati asifikirie tumbo lake nikaanza kuwapigia stori, nikawaambia mjini kule kuna jiwe kubwa juu ya kilima linaitwa Gangilonga, kwa Kihehe maana yake jiwe linaloongea, na wazee wanasema enzi za Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, lilikuwa linampa habari za Wajerumani. Gari likawa kimya.

"Linaongea Kiswahili?" Kibonge akauliza.

"Kihehe."

"Mimi sijui Kihehe."

Basi nikamfundisha kamwene, salamu yetu ya huku, ukisalimiwa kamwene nawe unaitikia kamwene, hakuna cha kukosea. Akaanza mazoezi. Kamwene, kamwene, kamwene, tunafika Tanangozi anasalimia malori.

Isimila iko kabla ya kufika mjini, kama kilomita 20 hivi, tukakata kona tukaingia. Nasema kweli ile sehemu ina raha yake, zile nguzo za udongo na mchanga zimechongwa na mvua mpaka unajiona kama sisimizi kwenye sahani ya vitumbua, na kuna zana za mawe za watu wa kale, wataalamu wanazikadiria miaka 260,000 hivi. Dada Mkuu akaandika kwenye daftari. Kibonge akaangalia lile shoka la jiwe akasema mbele ya mtembezaji wetu, kwa sauti, "hili bibi analo, anasugulia miguu." Tukaambiwa pia kulikuwa na viboko wa zamani ambao macho yao yalichomoza juu ya kichwa, wako majini wanakuona wewe huwaoni, Kibonge akauliza walikuwa wanamchungulia nani. Mtembezaji akacheka akasema labda baba yako. Wakati wa kutoka nikamkagua mifuko, nikatoa kokoto kumi na nne. Zote za barabarani, nashukuru Mungu.

Ipogolo IST ikaanza kulalamika ule mlima wa kupandia mjini, nikazima hita, tukapanda kwa imani.

Sasa mjini ndipo hela inapoishia, na wazazi wenzangu mnajua haiishii kwenye jambo kubwa. Kiingilio hapa, soda pale, Boma tuliingia, lile jengo la Mjerumani la mwaka 1900 ambalo siku hizi ni makumbusho, watoto walilipenda ila wa katikati alipenda zaidi kiti cha nje. Chakula tulikula kwa Neema Crafts, wahudumu wake wengi ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi au unaonyesha kwa ishara, na mhudumu akamfundisha Kibonge ishara ya asante. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe wale watoto walikaa mezani bila kelele, nusu saa nzima, nilitamani tuhamie pale. Halafu kuna mahali wana yale majumba ya puto ya kurukia, wakaingia raundi ya kwanza, raundi ya pili, wa katikati akatapika, tukalipia usafi, wakaomba ya tatu. Saa tisa naangalia waleti, imebaki elfu thelathini peke yake na inaniangalia. Nikajiambia nitakopa elfu ishirini tu nitarudisha kesho. Saa kumi ilikuwa imebaki elfu nne.

Basi nikasema twendeni kwenye jiwe, pale angalau hakuna cha kununua.

Gangilonga siyo mbali na katikati ya mji, unapanda kidogo kwa miguu, na ukifika juu Iringa yote iko chini yako, mabati yanametameta, upepo unakata masikio. Jiwe lenyewe ni jiwe kweli kweli, limekaa pale na wenzake kama kikao cha ukoo. Kibonge akajitengeneza, akavuta kaptula, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Kamwene."

Kimya. Upepo tu.

"KAMWENE!"

Kimya. Akanigeukia, mdomo umeshaanza kukunjamana. Dada Mkuu akasema nilijua tu, haya mambo ni ya hadithi. Halafu Kibonge akafikiria kidogo, akasema labda ni kiziwi, akarudi mbele ya jiwe akaanza kulifanyia ile ishara ya asante, taratibu, kwa heshima zote, maana ndiyo pekee aliyokuwa anaijua. Analishukuru jiwe ambalo halijamfanyia kitu. Jamani, pale moyo wangu ulilainika kama parachichi la Rungwe, na moyo ukilainika akili inaondoka.

Nikampa Dada Mkuu simu nikamwambia mrekodi mdogo wako, mimi naenda kujisaidia kidogo huko nyuma. Nikazunguka. Nyuma kule niliona upenyo kati ya mawe mawili, mwembamba lakini nikaona napita, nikiingia kiubavu sauti itatokea upande wao kama inatoka ndani ya jiwe. Nikavuta tumbo nikajisokomeza. Nikatengeneza koo.

"KAMWEEENE, MJUKUU WANGU."

Mayowe niliyoyasikia upande wa pili, hata ningeshinda jakpoti yasingekuwa yale. Kibonge anaitikia kamwene kamwene kamwene kama cherehani. Akaniuliza kama nina njaa. Nikasema mawe hayali. Akaniuliza ninalala wapi. Nikasema hapa hapa. Najisikia raha, nikawa najiona baba bora wa Nyanda za Juu Kusini yote, mpaka Dada Mkuu alipoingilia.

"Kama kweli wewe ni jiwe, ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilianguka lini?"

"MWAKA 1894."

"Mwezi gani?"

Sasa hebu fikirieni, mtu mzima umebanwa kwenye mawe, baridi inakuingia kwenye kitovu, unafanyishwa mtihani wa historia na mtoto wako mwenyewe. Nikasema Oktoba. Akauliza tarehe. Nikaona hapa naumbuka, ngoja nitoke nirudi kama baba. Nikavuta mguu. Mguu ukaja. Nikavuta tumbo, tumbo likakataa. Nilikuwa nimeingia na pumzi ndani, nimeongea nimeitoa yote, nikavuta nyingine, kitambi kikakaa kwenye ule upenyo kama kizibo kwenye chupa ya ulanzi. Mbele haiendi, nyuma haiendi.

"Jiwe, mbona umenyamaza?" Kibonge akauliza.

"NAPUMZIKA."

Hapo hapo simu ikaita. Waifu. Na Dada Mkuu, kwa akili zake, akaweka laudispika ili na jiwe lisalimiwe.

"Haloo, baba yenu yuko wapi?"

"Baba alienda kujisaidia hajarudi," Dada Mkuu akasema. Kibonge akarukia, "Mama! Tunaongea na jiwe! Linajua Kihehe! Liamkie!"

Waifu akanyamaza kidogo. Nyie mnaojua ndoa mnaujua ule ukimya. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Haya jiwe, kamwene."

Nifanyeje? Nikasema kamwene.

"Hujambo jiwe. Samahani, wewe unayejua mambo yote, hebu niambie, kikapu changu kimenunuliwa?"

Nikatamani ardhi ipasuke, nikakumbuka imeshapasuka na mimi nimo humo humo. Nikatafuta jibu, badala ya jibu kikaja kikohozi. Na mimi kikohozi changu cha baridi kina kimluzi mwishoni, fiiii, waifu anakitambua hata kama niko chumba cha pili na mlango umefungwa. Kikatoka chote, na kimluzi chake.

"Sawa," akasema. "Mwambieni hilo jiwe kesho lije na kikapu changu." Akakata.

Nikaona heshima imeshaondoka, sasa tuokoe uhai. Nikaanza kuita jamani nisaidieni, nimekwama, nivuteni. Kumbe upande wangu wa nyuma, jiwe la pili kutoka pale, kulikuwa na akina mama wawili wamekuja kufunga na kuomba. Sikuwaona wakati napita, walikuwa wamejifunika mashuka. Wanasikia jiwe linalia nisaidieni. Mmoja hakuuliza swali, akaanza kukemea moja kwa moja, "Toka! Nakwambia toka!" Nikamjibu mama hata mimi nataka kutoka! Akazidisha. Kila akisema toka nasema ndiyo, naye anaona pepo linambishia.

Aliyeniokoa ni mwenzake, mtu wa vitendo, alizunguka akaona miguu miwili na soksi moja imetoboka, akasema dada hebu acha, pepo gani lina soksi. Akanishika kiuno akavuta. Wapi. Akamwita aliyekuwa anakemea, wakavuta wote wawili, watoto nao wakawa wamefika, Dada Mkuu anarekodi (ile video ipo, naomba mkiiona msiisambaze), wa katikati ameniangalia tu anakula karanga, sijui alizitoa wapi. Wapi. Mwisho yule mama wa vitendo akafungua mkoba akatoa kachupa ka mafuta ya upako. Mwenzake akasema hayo ni ya maombi ya familia yangu! Akajibiwa na huyu si ana familia? Akanipandisha sweta, akanimiminia ubavuni, mafuta ya baridi kama ya kwenye friji, akasema baba toa pumzi yote, nikatoa, wakavuta, nikachomoka kama nyanya ya kuchemsha inavyochomoka ganda, nikaenda kukaa kwa matako kwenye nyasi. Sweta limeshuka, mbavu zimechubuka, nanukia ibada.

Nikawashukuru sana. Yule wa kukemea akanikazia macho, akaniambia baba, uache kabisa haya mambo. Mpaka leo sijui alifikiri ni mambo gani.

Ila hapa ndipo nilipochoka. Kibonge hakuunganisha. Alichoelewa yeye ni kwamba baba alikwenda kujisaidia akakwama, na jiwe ndilo lililopiga kelele aokolewe. Wakati tunaondoka alirudi mbio mpaka pale, akalifanyia ishara ya asante, safari hii akiwa na sababu, akaliwekea chipsi tatu alizokuwa amezificha mfukoni.

Jumapili tulienda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nikatembea kama mzee wa miaka tisini. Kabla ya kurudi nikapita sokoni kwenye vikapu, nikamweleza mama muuzaji hali halisi, elfu nne yangu na elfu tano niliyotumiwa na shemeji kwa masharti. Akanionea huruma akanipa kikapu. Hakina mfuniko. Ukiweka mkate, mkate unabaki nje nusu.

Nimefika nyumbani nimekiweka mezani, nikajifanya nahangaika na mabegi. Waifu akakishika, akakigeuza juu chini, akaingiza ngumi ndani, ngumi ikajaa. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Hiki kizuri," akasema. "Hiki ni cha jiwe. Cha kwangu kiko wapi?"