Kabla ya kuongeza maji, kateni kipande cha nyasi mkiangalie

Makala inasema mabaka ya kahawia kwenye nyasi za uwanja ni ukame, basi maji yaongezwe jioni. Ndugu mwandishi, tusiharakishe. Ukoka chotara wa viwanjani, kama Tifway 419 uliotolewa Tifton, Georgia, Marekani, mwaka 1960, hauzai mbegu. Hupandwa kwa vipando, yaani vipande vya mashina. Kinasaba uwanja mzima ni mmea mmoja, hakuna shina lenye kinga tofauti na jirani yake. Ndiyo maana chanzo lazima kijulikane mapema.

Kwanza tafuta wadudu. Changanya vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo katika lita 4 za maji, umwagie mita 1 ya mraba ukingoni mwa baka, pale kijani kinapokutana na kahawia. Katikati palipokufa hutapata kitu. Viwavi wakiwepo, watapanda juu ndani ya dakika 10. Dawa yao ipigwe jioni, maana wengi hula usiku.

Mabuu ya mbawakawa hayatoki kwa sabuni. Kata kwa sepeto pande 3 za mraba wa sentimita 30, ufunue kama jalada la kitabu. Nyasi zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa. Mabuu yenyewe ni meupe, yamejikunja, kichwa cha kahawia.

Hakuna mdudu? Rudi alfajiri kabla umande haujakauka. Ukiona utando mwembamba kama wa buibui juu ya majani, yaelekea ni kuvu, na maji ya jioni mnayotaka kuongeza yatazidi kuilisha.