Simu huzeeka lini? Hesabu ya mnunuzi wa Goma

Mwezi wa nane mwaka jana nilinunua simu Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa dola 160, pesa nilizozipata zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilipofika. Muuzaji alilifungua boksi mbele yangu, akaibandikia simu kioo cha kinga, akanihakikishia kwamba hakuna toleo jipya kuliko hilo. Mwezi wa kwanza nilipopita tena mbele ya duka lile, nilikuta toleo linalofuata limewekwa palepale dirishani, kwa bei ileile niliyolipa mimi, na simu kama yangu imeshushwa hadi dola 120. Niliingia kutafuta kava, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepasuka pembeni. Kijana wa dukani alizipekua kava zilizotundikwa ukutani, akazipindua moja moja, kisha akaniambia kwamba za namba yangu hazitaletwa tena. Simu ilikuwa na miezi mitano.

Malalamiko ya aina hii nayasikia karibu kila wiki, kutoka kwa walimu, kwa madereva wa moto (pikipiki), kwa akina mama wanaouza maharage soko la Virunga: mtu anajinyima miezi kadhaa, ananunua, na kabla hajauzoea hata mlio wa simu yake anaambiwa kwamba ni ya zamani. Wapo wanaoamini kwamba kampuni zinatengeneza simu za kufa mapema kwa makusudi. Wapo wanaojibu kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu, kwamba simu yako inaita leo kama ilivyoita jana, na kwamba kinachokusumbua ni macho tu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sikatai kwamba sehemu ya uchungu wangu siku ile ilikuwa ya macho. Kava iliyokosekana, lakini, haikuwa jambo la macho, na ndiyo iliyonifanya nitake kulipima suala hili kwa makini zaidi.

Tuanze na kasi yenyewe. Apple ilitoa iPhone ya kwanza mwaka 2007, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa imekuwa ikitoa mpya karibu kila mwezi wa tisa. Huo ni mwendo wa polepole ukilinganishwa na wa simu ambazo wengi wetu tunazishika. Tecno, ambayo pamoja na Infinix na itel ni mali ya Transsion ya Shenzhen nchini China, kampuni inayouza simu janja nyingi kuliko nyingine yoyote barani Afrika, ilitoa Spark 10 mwanzoni mwa 2023, Spark 20 kabla ya mwaka huohuo kwisha, Spark 30 mwaka 2024 na Spark 40 mwaka 2025, na kila namba huja na ndugu zake wenye herufi C au neno Pro nyuma yake. Mnunuzi anayetaka kujua kilichobadilika kati ya namba moja na nyingine anahitaji subira. Mara nyingi ni kamera iliyoongezewa tarakimu, kioo kinachoteleza kwa ulaini zaidi, chaji ya kasi kidogo na mgongo wenye rangi nyingine. Kwenye maboksi mengi yanayouzwa hapa utasoma GB 8 za RAM (kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi) kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa, 4+4: nne za kwanza ni za kweli, na nne za pili zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na faili, ambayo kasi yake iko mbali sana na ya RAM. Aliyenunua mwaka uliotangulia simu yenye GB 4, isiyokuwa na maandishi hayo, anadhani ameachwa nyuma mara mbili, na kumbe hajaachwa hata hatua moja.

Hata hivyo siungani na wale wanaotamani kampuni zipunguze mwendo. iPhone ya 2007 iliuzwa Marekani kwa dola 499 ile ya bei ya chini, na haikuwa hata na 3G. Leo kwa dola mia moja mtu anatoka Birere na simu ya 4G yenye betri inayomaliza siku, na tofauti hiyo haikuletwa na huruma ya mtu, imeletwa na kampuni kukimbizana. Tena kila toleo jipya linaposhuka, lile la kabla yake linaangukia mikononi mwa mtu ambaye asingelifikia. Binti wa shangazi yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Goma, alinunua kwa dola 180 Samsung ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, iliyotoka Dubai, yenye miaka miwili, ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa bei ya viwanja vya watu wengine. Inapiga picha kuliko yangu, inafunguka haraka kuliko yangu, na ameipata kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alichoka nayo. Kasi inayonikasirisha mimi ndiyo inayomfikishia yeye kifaa cha kuandikia tasnifu yake. Nimejaribu kuipinga hoja hii na sijaweza.

Swali basi linakuwa hili: ni kitu gani hasa kinachoiua simu? Kutolewa kwa nyingine hakuondoi hata neno moja kwenye ile uliyonayo. Vinavyoiua, kwa ninavyoona, ni viwili, betri na masasisho (maboresho ya programu ambayo kampuni huyatuma kwenye simu), na vyote viwili vina tarehe ambazo mnunuzi wa Goma haonyeshwi.

Kuhusu betri, kisa cha Apple kinafundisha pande zote mbili. Desemba 2017 kampuni hiyo ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Waliokuwa wakishuku miaka yote kwamba simu zao hupungua nguvu toleo jipya linapotoka walisema, tuliwaambia. Sababu iliyotolewa, kwamba betri ya lithiamu iliyozeeka hushindwa kutoa umeme wa kutosha kwa ghafla na simu huzimika, ni ya kweli kitaalamu. Kosa lilikuwa kunyamaza, na kwa kunyamaza huko Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Lakini angalieni dawa ilikuwa nini: Apple ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na simu zilizobadilishwa betri zilirudisha kasi yake. Watu waliokuwa tayari kununua simu mpya walikuwa wanahitaji betri.

Nimeona jambo hilohilo kwa macho yangu juu ya meza ya fundi. Mama yangu mdogo aliniletea simu yake ya 2020, ambayo ilikuwa ikifika asilimia 30 inazimika. Fundi aliipasha mgongo kwa hewa moto hadi gundi ikalegea, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki pembeni, akakizungusha pole pole pande zote nne kama mtu anayeachanisha chapati iliyoshika kikaango. Betri ya zamani ilikuwa imevimba katikati. Ilipowekwa mezani haikukaa sawa, iliyumba. Mpya ilibanwa kwa kiungo kidogo kisichozidi ukucha, mgongo ukarudishwa, na kazi yote, pamoja na betri, ilikuwa dola 15. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kuulizia bei za simu mpya. Chini ya meza ya fundi palikuwa na katoni ya betri zilizokufa, na nilipomuuliza zinapelekwa wapi, alisema zinangoja tu. Kwa mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme, na sehemu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo haikufika hata robo. Katoni ile ni sehemu ya hesabu hiyo.

Masasisho ni habari ngumu zaidi, kwa sababu hakuna fundi anayeyauza. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s na iPhone 6, simu za 2013 na 2014. Mtu anaweza kusema kwamba miaka kumi na zaidi ni maisha marefu, nami nakubali. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, kila moja iliahidi masasisho ya miaka saba, na ahadi hizo nazo ni tunda la ushindani. Simu za bei nafuu ndizo zenye shida: nyingi hupata toleo jipya la Android mara moja au hazipati kabisa, na masasisho ya usalama hukatika kimya kimya. Katika mji ambao benki zilifunga milango Januari 2025 na pesa zikabaki zinapita kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kukosa masasisho ya usalama ni jambo la mfuko wa mtu. Ni kweli kwamba huduma hizo hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vibonye, kwa namba za nyota na reli, na simu hiyo haihitaji sasisho lolote. Lakini mwenye simu janja hubeba humo pia barua pepe zake, picha za vitambulisho na maneno ya siri, na mlango mmoja ulioachwa wazi unatosha.

Na hapa ndipo ninapoona dhuluma ambayo kasi ya matoleo inaificha. Kampuni zinapoahidi miaka ya masasisho, kwa kawaida huihesabu tangu siku simu ilipotolewa. Siku ambayo wewe uliinunua haimo katika hesabu hiyo. Sasa fikirieni njia ya bidhaa kufika Goma: mfanyabiashara huchukua Dubai au Guangzhou kile kinachouzwa kwa kupunguzwa, na tangu uwanja wetu wa ndege ulipofungwa Januari 2025 mzigo unategemea barabara na mipaka. Simu iliyoahidiwa miaka mitatu inaweza kufika dirishani mwa Birere ikiwa imebakiwa na mwaka mmoja na nusu, na bado boksi lake halijafunguliwa, na bado inaitwa mpya. Anayenunua okazioni kama binti wa shangazi yangu walau anajua kwamba kuna miaka iliyotumika.

Umoja wa Ulaya umelitambua tatizo hili. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu inayouzwa huko lazima ipewe masasisho kwa angalau miaka mitano kuanzia siku kampuni ilipoacha kuliuza toleo hilo, vipuri vipatikane kwa miaka saba, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Kampuni hazikuacha kutoa simu mpya kwa ajili ya sheria hiyo. Simu nyingi zinazojaa maduka yetu, hata hivyo, hazikutengenezwa kwa soko la Ulaya, na ulinzi huo hauzifikii.

Wapo watakaosema kwamba nchi yetu haina uwezo wa kudai mambo kama hayo. Mimi nakumbuka rejista ya vifaa vya mkononi, ile iliyoitwa RAM kwa kifupi cha Kifaransa (jina tu lililofanana na la kwenye boksi), ambayo kuanzia Septemba 2020 ilikatwa kwenye yunite zetu, yaani salio la simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, mpaka ilipoondolewa mwanzoni mwa 2022 baada ya kelele za wananchi. Wakati ule mfumo uliweza kujua kila simu ni ya kizazi gani ili imkate mwenye nayo. Elimu hiyohiyo ingetosha kumwambia mnunuzi simu yake itaacha kulindwa mwezi gani.

Kuna jambo la mwisho ambalo mtu wa Goma hawezi kulikwepa, kwa sababu Rubaya iko hapo Masisi, upande wa magharibi wetu. Koltani inayochimbwa pale hutoa tantalamu, inayoingia katika vipande vidogo vya kutunzia umeme ndani ya simu. Je, simu zikidumu, mchimbaji atakula nini? Swali hili niliulizwa na mtu ambaye kaka yake anachimba, na sikulichukulia kirahisi. Tantalamu iliyomo katika simu moja haifiki gramu, na madini hayo yanatumika pia katika kompyuta, magari na ndege. Sioni kwamba simu za kudumu miaka mitano zingefunga mashimo ya Rubaya. Ninachokiona ni kwamba mchimbaji mwenyewe ana simu mfukoni, ameinunua kwa jasho la mgongo wake, na kwake kuibadilisha kila baada ya miaka miwili ni mzigo mkubwa kuliko ilivyo kwangu.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye lile duka, na safari hii sikuuliza kava. Nilimwomba kijana aniwashie lile toleo jipya la dirishani, tukaingia pamoja kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, tukatafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ilikuwa ya miezi tisa iliyopita. Tuliiunganisha na intaneti ya duka ili itafute nyingine, haikupata. Mnunuzi aliyekuwa amesimama pembeni yangu, mwenye dola zake tayari mkononi, alisogea akaisoma tarehe ile mwenyewe, kisha akaomba apunguziwe dola 20. Walivutana kidogo, akapunguziwa 10.