Vidonge vya Siku Tatu na Seli Zinazogoma Kufa

Mtu akinitajia dawa ya kuzuia uzee, kitu cha kwanza ninachofanya ni kushika pochi yangu. Maneno hayo yamechafuliwa na wauza mafuta, wauza chai na wauza sabuni. Lakini kuna kundi moja la dawa za kuua seli zilizozeeka, wanasayansi wanaziita senolitiki, ambalo nadhani tunalikosea kwa namna mbili. Wapo wanaokimbilia kulinunua kabla halijaiva, na wapo wanaolicheka wakisema hayo ni ya matajiri wa Marekani wanaotaka kuishi miaka 150. Mimi naona dawa hizi, zikifanikiwa, zitamfaa mgonjwa wa sukari wa Temeke kuliko bilionea wa California.

Habari yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Hazifi. Zinabaki hai, ila hazigawanyiki tena; ndizo zinazoitwa seli zilizozeeka. Baadaye sana Judith Campisi wa Taasisi ya Buck huko California, aliyefariki mwaka 2024, akaonyesha pamoja na wenzake ubaya wake hasa: seli hizi hazikai kimya, zinamwaga kemikali za kuchochea uvimbe na vimeng'enya vinavyotafuna nyama za jirani. Ni kama mpangaji asiyelipa kodi, hataki kuhama, na kila usiku anachoma matairi uani. Ukiwa kijana, kinga ya mwili inazitoa. Umri ukisogea, unene ukizidi na sukari ikipanda, zinarundikana kwenye mafuta ya tumbo, kwenye figo, mapafu, magoti na kuta za mishipa ya damu.

Swali likawa: ukiziondoa, itakuwaje? Mwaka 2011 Darren Baker na Jan van Deursen wa Mayo Clinic, Minnesota, walitengeneza panya ambao seli zao za aina hiyo zingeweza kuuawa kwa dawa maalumu. Panya hao walikuwa wa kuzeeka haraka, lakini mtoto wa jicho na kuisha kwa misuli vilichelewa. Mwaka 2016 wakarudia kwa panya wanaozeeka kawaida, nao wakaongeza umri kwa karibu robo. Katikati hapo, mwaka 2015, kikundi cha James Kirkland na Tamara Tchkonia kilitangaza vidonge viwili vinavyofanya kazi hiyo bila kuchezea jeni: dasatinibu, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, na kwesetini, ambayo imo ndani ya vitunguu na matofaa. Seli hizi hugoma kufa kwa sababu zina kinga zake za ndani. Dawa hizo mbili huzivua kinga hizo, zikajifia.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, yaani namna ya kunywa. Dawa ya presha unakunywa kila siku mpaka unaingia kaburini. Hizi unakunywa siku mbili au tatu, unaziacha, unapumzika hata wiki kadhaa, kwa kuwa seli ikishakufa haihitaji kuuawa tena kesho. Mfanyabiashara akisikia hivyo anakunja uso, maana vidonge vichache kwa mwezi havilipi, tena kimoja ni kitu cha kwenye kitunguu na kingine tayari kina nakala za bei nafuu zinazotengenezwa India. Mimi nikisikia hivyo namfikiria shangazi yangu.

Shangazi ana mfuko wa rambo anaouning'iniza nyuma ya mlango. Ndani yake mna amlodipini na losatani za presha, metifomini ya sukari, na diklofenaki anayonunua mwenyewe duka la dawa kwa ajili ya magoti yaliyosagika. Kila kidonge kilitoka kwa mtu tofauti, na hakuna aliyeumwaga mfuko wote mezani akautazama kwa pamoja. Kama angefanya hivyo angeona kwamba diklofenaki inapandisha ile presha ambayo amlodipini inaishusha, na inaumiza figo ambazo sukari imeshaanza kuzila. Ukimwambia anakujibu, "Mwanangu, magoti yanauma leo, figo zitauma kesho." Wazo la senolitiki ni kwamba magoti yale, figo zile na mishipa ile huenda vina mchokozi mmoja. Hilo ndilo linalonivuta, wala si kuishi miaka 150.

Wazo zuri, lakini bado halijawa tiba, na hapo ndipo nawashika shati wanaokimbia mbele. Kwa binadamu matokeo hadi sasa ni membamba. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walipewa vidonge vile siku tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Wakaweza kutembea umbali mrefu kidogo kwa dakika sita, ila uwezo wa mapafu haukubadilika, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka huohuo wagonjwa 9 wa sukari wenye figo zilizoathirika walimeza kwa siku tatu, na seli zilizozeeka kwenye mafuta yao zikapungua. Ni dalili njema. Ni watu tisa.

Majaribio makubwa kidogo yamemwaga maji baridi. Kampuni ya Unity Biotechnology, iliyowahi kupata fedha za Jeff Bezos, iliwachoma sindano ya senolitiki gotini wagonjwa wa magoti yaliyosagika katika jaribio la watu 183, na Agosti 2020 ikatangaza kwamba sindano yenye dawa haikuishinda isiyo na dawa. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa vile vidonge viwili kwa wanawake 60 waliokoma hedhi, waliotazamwa kwa wiki 20. Kasi ya mifupa yao kumomonyoka haikupungua kama ilivyotarajiwa.

Tena seli hizi si maadui watupu. Kugoma kugawanyika ni breki mojawapo ya mwili dhidi ya saratani, na baadhi yake husaidia kidonda kufunga. Nayo dasatinibu si panadol: inaweza kujaza maji kwenye kifua, na inapunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, mpaka mtu akavuja damu. Mtu mwenye presha anayemeza aspirini kila siku asiijaribu kwa kusoma mtandaoni.

Wa vitunguu nao wamo. Ujumbe umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ukila kitunguu chekundu kibichi unaua seli zilizozeeka. Majaribio yalitumia kwesetini gramu 1 hadi 1.25 kwa siku, na gramu 100 za kitunguu zina makumi machache tu ya miligramu. Piga hesabu mwenyewe ni kilo ngapi, halafu umfikirie mtu utakayekaa naye kwenye daladala. Kachumbari iendelee kuliwa kwa sababu ni tamu.

Kitu ninachotaka ni jaribio lifanyike kwetu. Uwezo upo. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa kati ya vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, utafiti wa watoto zaidi ya 15,000, na vipimo vilisimamiwa vizuri. Basi wachukuliwe watu wazima wenye sukari ambao mkojo wao umeanza kutoa protini lakini bado hawajafikia kusafishwa damu kwa mashine. Tuanze na wachache kwa ajili ya usalama. Kisha nusu wapewe vidonge, nusu wapewe vinavyofanana navyo visivyo na dawa, wapimwe kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, na protini kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Kampuni ya dawa haitalipia, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Fedha itoke serikalini, na kwa wafadhili wa aina ileile walioiwezesha chanjo.