Mwacheni Apotee Kwanza

Kuna gemu ambazo ukizimaliza umezimaliza kweli. Konsoli ipo, disku ipo, umeme upo, lakini kilichokukesha hadi usiku wa manane hakipo tena, kwa sababu kilitegemea kutojua kwako. Watu wakiulizana ni gemu gani wangependa kuzicheza upya kama mara ya kwanza, wengi hutaja wanazozipenda kuliko zote. Kwangu hayo ni maswali mawili mbalimbali.

Chukua gemu za mpira. Hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Katuba, ukisikia kelele ndani ya kibanda cha gemu, mara nyingi ni PES au FIFA. Nazipenda sana. Lakini mara ya kwanza ya gemu ya mpira haina utamu wowote: unafungwa mabao mengi na mtoto mwenye vidole vyepesi, basi. Raha inakuja baadaye, na haiishi, kwa kuwa maneti ya pili, kile kidude cha kuchezea, imeshikwa na binadamu mwenye hila zake.

Mpira wenyewe ni habari nyingine. Tarehe 14 Desemba 2010, Mazembe, klabu ya mji wetu, iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi. Mabao ya Kabangu na Kaluyituka bado watu wanayo kwenye simu, tunayarudia, kipa wetu Kidiaba anarukaruka kwa makalio na tunashangilia upya. Kile kipindi kizima cha kwanza cha 0-0, ambapo mji wote haukujua litakalotokea, hakuna simu inayoweza kukirudisha. Gemu ninazozizungumzia zimetengenezwa kwa kile kipindi cha kwanza.

Outer Wilds ni mojawapo. Ilitoka mwaka 2019, ikiwa imeanza kama mradi wa chuo wa Alex Beachum huko Marekani, na mwaka 2020 ilipata tuzo ya Uingereza iitwayo BAFTA, ya gemu bora. Una chombo cha angani, una sayari chache za kuzunguka, silaha huna. Baada ya dakika 22 jua linalipuka, unakufa, unaamka pale ulipoanzia. Hakuna nguvu mpya za kununua. Mlango uliokushinda jana unafunguka leo kwa sababu leo unajua jambo ambalo jana hukulijua, na anayejua yote anaweza kufika mwisho ndani ya mzunguko mmoja tu. Ndiyo maana nikiifungua sasa nazungukazunguka, nasalimia sayari, nafunga. Kwa mji wetu ina fadhila ya ziada: umeme ukikatika unapoteza dakika chache, lakini ulichokielewa unatoka nacho barabarani, na jibu linaweza kukujia ukiwa umebanwa ndani ya taksi-basi.

Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya mwaka 2018, iko hivyohivyo. Meli inarudi Uingereza mwaka 1807 bila mtu hai, na wewe, mkaguzi wa bima, unatakiwa kueleza kila mmoja wa watu 60 alikuwa nani na alipatwa na nini. Saa ya mfukoni inakurudisha kwenye dakika ya kifo: unasikia maneno machache, kisha kila kitu kinasimama na unatembea katikati ya watu ukiwachunguza. Majibu yako yanathibitishwa matatu matatu, ili usibahatishe. Kinachonivutia zaidi ni kwamba lugha na lafudhi ni ushahidi. Kazi hiyo tunaiweza sisi! Mji huu ulijazwa na watu walioletwa migodini kutoka Kasai, Rwanda na ng'ambo ya Luapula. Mpaka leo mtu akisema sentensi mbili tunakisia nyumbani kwao ni wapi.

Lakini kibanda cha gemu hakina siri. Nyuma ya anayecheza wamesimama watu, na kila mmoja anajua kitakachofuata. “Pita kushoto! Iko juu ya paa! Huyo atakufa sasa hivi!” Wanafanya hivyo kwa upendo, najua, mkubwa akimwona mdogo wake anahangaika anataka kumwokoa. Mtoto anamwomba mkubwa wake, “Yaya, acha nione mwenyewe,” na hakuna anayemsikia. Tazama inavyokuwa kwa Shadow of the Colossus, ya konsoli ya PS2, mwaka 2005. Kijana anamleta msichana aliyekufa katika nchi iliyokatazwa, anaambiwa aue majitu 16 ili msichana arudi. Hakuna maadui wengine, ni yeye, farasi wake na nyika. Muda unaouzungukia mguu wa jitu ukitafuta pa kushika ndiyo gemu yenyewe. Ukishaambiwa pa kupandia, umebakiwa na kazi ya vidole tu. Na kadiri majitu yanavyoanguka linakua swali kama unachofanya ni chema. Hilo sitalijibu hapa.

Pamoja na hayo yote, ninayoitamani zaidi ni Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004. Mtaniambia: nani hapa hajaicheza? Mimi nasema wengi wetu hatujaicheza. Kwenye kibanda unalipa kwa muda. Misheni ikianza na watu wakaanza kuongea, sauti zinatoka nyuma: “Katisha, saa iko inaenda!” Unabonyeza, hadithi inarukwa. Ukutani imebandikwa karatasi ya kodi, ile mifuatano ya vitufe ya kudanganyia gemu, kwa hiyo unaendesha kifaru kabla hujajua CJ, yule unayemchezesha, ametoka wapi. Ukirudi kesho, mwingine ameshahifadhi ya kwake juu ya yako.

Na hadithi tuliyoiruka ni hii. Mwaka ni 1992. Carl Johnson, yaani CJ, anarudi mji wa Los Santos baada ya miaka mitano, mama yake amekufa. Kabla hajafika nyumbani, polisi mmoja, Tenpenny, mwenye sauti ya Samuel L. Jackson, anamsimamisha, anamchukulia fedha, anamtupa kwenye mtaa wa maadui. Makaburini, kaka yake Sweet anampokea kwa uchungu, kwa kuwa aliondoka akawaacha. Msiba, mtoto aliyekwenda mbali, ndugu anayekudai miaka yako: ni matanga mangapi ya komini ya Kenya, hapahapa mjini, yameyaona hayo? Ingetugusa mpaka mifupani, nasi tulikuwa tunahesabu dakika.

Hata ramani hatukuipata. Mwanzoni ukitoka Los Santos kabla ya wakati, nyota nne za polisi zinawaka, yaani wanakuwinda vikali. Unatakiwa utoke polepole, kwanza mashambani, kisha San Fierro, jangwa, halafu Las Venturas. Aliyejiitia ndege kwa kodi hajui ukubwa wa nchi ile. Kwa hiyo mara yetu ya kwanza bado ipo, na bahati hiyo ni wachache wanayo. Tafuteni toleo la zamani. Lile la 2021 lilitoka na kasoro nyingi hadi Rockstar, wenye gemu hiyo, wakaomba radhi.

Wenye vibanda, gemu za mpira ziendelee kulipiwa kwa muda, riziki iko huko. Lakini asubuhi za siku za kazi, viti vikiwa vitupu, wekeni bei ya asubuhi nzima kwa anayetaka hadithi. Mpeni televisheni ya pembeni, mbali na karatasi ya kodi, na kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa jina lake. Nasi wakubwa tusimame nyuma yake tukipenda. Akiuliza kitufe gani kinafanya nini, tumjibu. Akiuliza mlango uko wapi, atautafuta.