Risiti 214, Jedwali Tupu

Mwenyekiti wa chama chetu cha akiba hapa Busia, cha watu wa soko na boda, ana tabia ya kusimama nyuma yako unapoandika programu. Siku hiyo akaona skrini imejaa maandishi ya njano.

"Hayo ni makosa?"

Nikamwambia ni maonyo tu. Kompaila ya Rust, yaani kigeuzi cha msimbo wa lugha hiyo ya programu, ina mdomo, hulalamikia hata kigeu (jina la kuhifadhia thamani) ambacho hujakitumia. Akasema wanachama wakiona njano, rangi ya chama cha siasa, wataanza kuuliza tunampigia nani kampeni. Basi nikaweka juu kabisa ya faili `#![allow(unused)]`. Maonyo 38 yakanyamaza papo hapo. Mwenyekiti akaenda zake kula rolex, ile chapati ya mayai.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mwanachama analeta pesa. Programu inafungua muamala (mabadiliko yasiyohifadhiwa mpaka yathibitishwe) kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kupitia maktaba ya sqlx, inaingiza mstari kwenye jedwali la amana kwa `INSERT... RETURNING id`, id hiyo ikiwa ndiyo namba ya risiti, inajumlisha salio, inathibitisha muamala, inachapa risiti. Jasho langu lote liliishia kwenye jumla. `SUM` ya safuwima ya BIGINT hurudi ikiwa NUMERIC, nayo haikubali kuingia kwenye `i64`, namba kamili ya Rust, kwa hiyo nikaigeuza: `SUM(kiasi)::BIGINT`. Na asiye na amana hata moja hurudishiwa NULL, yaani pasipo thamani, si sifuri: hapo ni `COALESCE`, inayoweka sifuri badala yake. Nusu siku ikakatika. Nikajiona fundi, nikamalizia na kamstari kafupi ka kuthibitisha muamala: `tx.commit();`

Siku nne mashine ikachapa risiti bila kukwama. Siku ya tano akaingia Hajati muuza samaki, akapanga risiti tatu mezani kama karata.

"Mwanangu, Jumatatu niliweka 20,000. Jana 20,000. Leo 20,000. Zote tatu zinasema salio 20,000. Hizo nyingine mmezilia wapi?"

Nikafungua psql, dirisha la kuiuliza hifadhidata, nihesabu mistari ya amana: `SELECT COUNT(*) FROM amana;` Jibu, 0. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, kana kwamba tatizo ni adabu. 0. Na risiti ya leo ya Hajati ilikuwa namba 214!

Kwenye Rust, kitendo cha `async` hakifanyi lolote mpaka ukingoje. Nilipaswa kuandika `tx.commit().await?;`. Bila `.await`, nilikuwa nimeunda ahadi ya kuthibitisha, kisha nikaitupa, na muamala ukatupwa nayo. Muamala wa sqlx ukitupwa kabla ya kuthibitishwa hufutwa. Salio lilionekana halali kwa sababu niliuliza ndani ya muamala uleule, na muamala huona ulichoandika wenyewe hata kama dunia nyingine haioni. Namba za risiti nazo hutoka kwenye kihesabu ambacho hakirudi nyuma muamala ukifutwa. Ndiyo maana tulikuwa na risiti safi kabisa za hewa.

Kompaila ilikuwa imeniambia, tena kwa maneno mepesi, kwamba ahadi isiyongojwa haifanyi kitu. Onyo hilo ni `unused_must_use`, nalo limo kwenye kundi lile lile la `unused` nililoliziba mdomo.

Pesa zilikuwepo, kwenye sanduku la chuma. Aliyetuokoa ni mhasibu, ambaye tangu mwanzo aligoma kuiamini kompyuta na kuandika kila amana kwenye kaunta buku. Usiku huo tuliingiza zote 214, yeye akisoma mimi nikibonyeza, na namba zilezile za risiti. Safuwima ya id niliiumba `GENERATED ALWAYS`, yaani hifadhidata yenyewe ndiyo hutoa namba, kwa hiyo PostgreSQL ikakataa namba zangu za mkono mpaka nilipoongeza `OVERRIDING SYSTEM VALUE`. Mhasibu akauliza kama kaunta buku lake nalo linahitaji ruhusa hiyo.

Kesho yake Hajati akaja kupima. Salio: 60,000. Akatoa 10,000, akazihesabu, akapewa risiti ya salio 50,000. Akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Niangalizie tena."

60,000.

Ile `.await` nilikuwa nimeiweka kwenye kuweka pesa tu. Kutoa pesa nilikunakili kutoka kwenye msimbo wa zamani, na `allow(unused)` sikuwa nimeiondoa, maana mwenyekiti alikuwa bado amesimama nyuma yangu.

Hajati akainama karibu na sikio langu. "Mwanangu, hiyo usiiguse. Hiyo iko sawa."